Ini la Awoi Ndani ya Kompyuta

Lodwar, 18 Februari 2024

Dada yangu Awoi,

Ejok. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Makuei, na cherehani yako pia, maana najua ukiambiwa uchague mmoja kati yetu utashika cherehani. Hapa Lodwar tuko, joto tu. Baba alipita juzi akitoka Kaikor kutafuta dawa ya mbuzi. Alilala kwangu, akalalamika kwamba godoro langu ni laini mno, akahamia sakafuni. Anakusalimia, na bibi yetu Ata anakusalimia kupitia kwake, na anataka kujua kama siku hizi unakula.

Nakuandikia kwa kuwa wewe mwenyewe ulisema kwenye simu nazungumza kama karani wa serikali, na kwamba simu ya Makuei hukaa kwenye kaunta ya duka, kila anayenunua sukari husikia habari za ini lako. Basi Josiah amekubali. Lori lake linapakia samaki Ferguson's Gulf, linapita hapa, linashusha Kakuma. Barua zetu zitanuka samaki lakini zitafika.

Sasa neno lenyewe. Ile picha ya skani uliyopigwa hapa mwezi uliopita, nimeomba nakala. Hospitalini wananijua, mashine zao zikigoma huniita mimi. Nimeshaiingiza kwenye kazi yangu ya chuo, na ruhusa naiomba leo, baada ya kuiingiza. Najua nimeanza mwisho. Nisamehe.

Kazi ni hii. Ndani ya ini lako kuna mfuko wa maji, ule ugonjwa unaotoka kwa mbwa. Ini ni nyama laini, na mfuko una ukuta mwembamba. Maji yakisukuma, ukuta unanyooka. Ukuta ukinyooka, maji nayo yanapata nafasi na kusukuma vingine. Huwezi kupiga hesabu ya kimoja ukakiacha kingine. Kwa hiyo kwenye kompyuta nimelikata ini lako vipande vidogo vidogo, nimeyakata na maji pia, halafu kompyuta inauliza maji: mnasukuma kiasi gani? Inaenda kuiuliza nyama: umesogea kiasi gani? Inarudi kwa maji. Inakwenda na kurudi mpaka pande zote mbili zikubaliane, ndipo inasonga mbele hatua moja. Huo ndio uigaji. Ukinisaidia na ini lako, siku moja daktari ataweza kujua mfuko upi utapasuka na upi utangoja.

Madaktari wa kupasua wanaokuja kwa ndege watakuwa hapa Juni, na wewe uko kwenye orodha yao. Na kumbuka ulichomwahidi daktari mbele yangu: mfuko utoke kwanza, mtoto baadaye. Najua neno hilo lilikuuma, na mmengoja sana wewe na Makuei. Lakini uliahidi.

Mdogo wako,
Ekeno


Kakuma, 10 Machi 2024

Kwako Ekeno, bwana wa kompyuta,

Ejok noi. Sisi wazima. Makuei amepata mzigo wa unga, ana furaha kama amezaa yeye. Mama mkwe wangu Aluong amehamia kwetu kutoka kambini kwa sababu paa lake linavuja. Ananipenda, sisemi hanipendi. Asubuhi anaamka, ananitazama tumboni, halafu ndipo ananisalimia.

Barua yako kweli ilinuka samaki. Paka wa jirani alinifuata mpaka mlangoni.

Sasa wewe, unachukua ini la mtu kisha unabisha hodi? Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningekushtaki kwa baba. Ruhusa nimekupa. Chukua ini, acha moyo. Lakini nimecheka sana, eti umelikata vipande. Makuei anauliza kama linauzwa kwa kilo.

Nina maswali mawili. La kwanza, mimi wa kompyuta analala? Anainama? Kwa sababu mimi nashona sare za shule kutwa, nimejikunja juu ya mashine, mguu unakanyaga, na jioni upande wa kulia unajaa. La pili, sisi wote tumelelewa na mbwa mmoja. Yule mbwa mweupe wa Ata alikuwa anatulamba sote tukiwa wachanga, tukijichafua, mimi, wewe, na marehemu kaka yetu. Kwa nini mfuko ulinichagua mimi? Kompyuta inajua hilo?

Nitakuja Juni. Naogopa kisu lakini nitakuja. Ahadi nimeikumbuka, usinikumbushe tena kama mwalimu.

Dada yako,
Awoi


Lodwar, 20 Mei 2024

Dada yangu,

Ejok. Pole na mafuriko. Josiah ameniambia laga ya Tarach, ule mto mkavu, ilibeba mpaka vibanda vya soko, na yeye mwenyewe alikaa ng'ambo na samaki wake mpaka wakaanza kumtazama vibaya watu wa malori mengine. Ndiyo sababu jibu limechelewa. Baba alinipigia, mbuzi wengi wamesalimika, Ata anakohoa kidogo lakini anatukana vizuri, kwa hiyo hatuna wasiwasi.

Swali lako la kwanza, yule Awoi wa kompyuta hainami. Amelala chali, anapumua. Nimempa mbavu juu, mgongo nyuma, na chini ya ini nimeweka matumbo laini yanayokubali kusukumwa. Inatosha kwa sasa. Swali la pili, kompyuta haijui. Huwa naliwaza na silipendi.

Sasa nisikilize vizuri. Uigaji umekubali. Stima ilinikatikia mara nyingi, nikaanza upya, feni ya kompyuta ikalia kama ndama, lakini mwishowe maji na nyama vimekubaliana mwanzo mpaka mwisho. Na jibu ni jema: ukuta wa mfuko wako unashika. Kwa namna unavyokua, unashika mpaka mwaka uishe na zaidi. Kwa hiyo naona hakuna haja ya kukimbilia Juni. Madaktari walewale watarudi Novemba. Juni watu ni wengi, wengine wana hali mbaya kuliko wewe, na wewe una sare za kumaliza. Ngoja. Njoo Septemba upigwe picha nyingine tu, tuone mfuko umekua vipi, kisha Novemba utolewe.

Dkt. Wanjugu, anayenisimamia kutoka Nairobi, naye angependa kuona picha ya pili, lakini hilo ni jambo dogo.

Niambie unaonaje. Ukikataa nitaelewa.

Ekeno


Kakuma, 16 Juni 2024

Mdogo wangu,

Ejok noi. Tuko salama. Maji yamekauka, vumbi limerudi, mambo yamekaa sawa.

Nimesoma barua yako nikaona ni sawa. Nitangoja. Kama mfuko unashika, unashika. Hata Makuei nilipomsomea alisema shemeji yake hawezi kumdanganya. Mimi nimefurahi, sikufichi. Kisu nilikuwa nakiota. Umenitua mzigo.

Habari nyingine ni kwamba Ata amekuja. Hakutangaza. Ameshuka kwenye gari la Kaikor na kikohozi chake na fimbo yake, na ndani ya shuka alikuwa na mtoto wa mbwa, jike, mweupe. Hakuniuliza kitu. Aliniangalia nilivyosimama, akanitia yule mbwa mikononi, akaenda kulala. Wewe unamjua Ata. Yeye haleti mtoto wa mbwa kwa nyumba yoyote tu. Aluong alilia, watu wa kwao hawafanyi hivyo na mbwa, lakini alielewa.

Basi hiyo ndiyo habari yangu. Soma polepole.

Awoi


Lodwar, 14 Julai 2024

Dada yangu,

Ejok. Nashukuru umenielewa. Mimi mzima, ila nimekonda, Baba anasema kompyuta inaninyonya.

Awoi, huyo mbwa. Tafadhali. Nimekueleza ugonjwa huu unapita wapi, na wewe unapokea mbwa ndani ya nyumba? Nakutumia vidonge vya minyoo kwa mkono wa Josiah. Mpe mbwa kimoja leo na kingine kila baada ya wiki chache. Asile matumbo mabichi ya mbuzi. Asilambe vyombo. Unawe mikono kila ukimshika. Na umwambie Ata, kwa upole, kwamba siku hizi watoto hawalelewi na mbwa. Najua atanitukana. Mwache atukane.

Sasa Septemba. Picha ni ya lazima, dada. Tarehe nimeshakuombea, mwanzo wa mwezi. Dkt. Wanjugu ananiandikia kila wiki, anasema bila picha ya pili kazi yangu ni hadithi tu. Uigaji umesema mfuko utakua kwa kiasi fulani, sasa lazima tuone kama umekua hivyo. Ukipotea wewe, nimepoteza miaka miwili.

Nijibu pia haya kwa ajili ya hesabu: unabeba nini kizito? Unalala upande gani? Kuna kitu chochote kilichobadilika mwilini tangu Januari? Andika hata kama unaona ni upuzi.

Ekeno


Kakuma, 8 Septemba 2024

Ekeno,

Ejok noi. Vidonge nimepokea. Mbwa ametapika kimoja, cha pili kimekaa. Ata amekutukana kama ulivyotaka.

Sikuja kwenye picha, najua umeona. Sare zilikuwa nyingi. Halafu Makuei alikuwa na malaria. Halafu lori la Josiah lilivunjika ekseli, na mimi sipendi magari mengine. Usiniulize zaidi. Nitakuja Novemba.

Umeuliza nabeba nini kizito. Nabeba maji kidogo, Aluong ananinyang'anya mtungi. Nalala upande wa kushoto. Upande wa kulia umekaza, hauumi sana, umekaza tu, kama nguo iliyobana mahali pa kifungo. Hakuna kilichobadilika.

Barua yako ya Julai niliisoma mpaka mwisho nikitafuta neno moja. Sikuliona. Ni sawa. Una kazi nyingi.

Awoi


Lodwar, 3 Oktoba 2024

Dada,

Leo sina salamu ndefu. Wiki hii Dkt. Wanjugu aliniambia nijaribu uigaji kwa kusukuma ini kutoka kila upande, kama mtihani tu. Juu, umeshika. Ubavuni, umeshika. Nilipoweka kitu chini ya ini kinachokua polepole kwenda juu, ukuta ulichanika.

Usingoje Novemba. Josiah akikupa hii, panda gari lolote uje hospitali hapa, mimi nitakuwa mlangoni. Usibebe chochote. Usishone.

Awoi, Ata alimleta yule mbwa kwa ajili ya nani?

Ekeno


Lodwar, 8 Desemba 2024

Dada yangu Awoi,

Ejok. Sijui kama bado nina haki ya kukusalimia, lakini barua isiyo na salamu naiogopa zaidi. Baba amerudi Kaikor. Aliponiaga alinishika tu bega. Makuei ameniambia umefika nyumbani salama na mshono unapona. Wewe hukuniambia. Wiki zote ulizolala wodini nilikuja kila siku na uji, na kila siku uligeukia ukutani, na uji akanywa Aluong. Siulizi kwa nini.

Nataka kusema mambo manne na sitaki kuyapamba.

Mfuko wako ungetolewa Juni. Nilikuambia ungoje, na nikakuambia ni kwa sababu ukuta unashika. Uigaji ulisema hivyo kweli. Lakini nilikuambia ungoje kwa sababu nilitaka picha mbili. Picha moja haitoshi kuonyesha kitu kinakua, na mfuko uliotolewa haukui. Nilihitaji uendelee kuwa nao. Nikaandika kwamba hilo ni jambo dogo. Kumbe lilikuwa ndilo jambo lenyewe.

La pili ni mbwa. Uliniambia. Ulinieleza kwa lugha ya nyumbani kwetu, ambayo mtoto wa Kaikor wa miaka mitano angeielewa: Ata amekutazama, amekupa mbwa wa kulea mtoto. Ukaniambia nisome polepole. Mimi nikakujibu habari za vidonge vya minyoo. Ulikuwa unangoja nikupe hongera au hata nikugombeze, na sikufanya hata moja. Nilikuwa nasoma barua zako kama mtu anayetafuta namba.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Tarehe tatu Oktoba, ukuta ulipochanika kwenye kompyuta, nilimkumbuka yule mbwa palepale. Palepale, Awoi. Nilijua. Simu ilikuwa mezani, ina chaji, ina salio. Ningepiga dukani, Makuei angekuita, ungekuwa Lodwar kabla ya jioni. Sikupiga. Kwa simu ungeniuliza: kwani wewe si ndiye uliyesema ningoje? Na ningelazimika kujibu nikiwa nakusikia unapumua. Barua haiulizi kitu papo hapo. Kwa hiyo niliandika barua, nikampa Josiah, nikijua lori lake lina ekseli mbovu, na nikaenda zangu kufundisha kipindi changu chuoni.

Walipokushusha kwenye ambulansi, mfuko umeshapasuka, uso umevimba na pumzi imekatika, ndipo nilipoliona tumbo lako kwa mara ya kwanza. Nesi aliniuliza mimba ina miezi mingapi, akaniona nimevaa kitambulisho cha hospitali, akadhani najua.

La nne. Mtoto. Niliruhusiwa kumwona kwenye kile kisanduku cha joto. Alikuwa na vidole virefu. Aliishi mpaka jioni ya pili na mimi nilikuwa nimesimama pale, wewe ukiwa bado hujaamka. Sikumwambia mtu yeyote kwamba nilisimama pale. Nakuambia wewe.

Nilikueleza mwanzoni jinsi kompyuta inavyouliza maji, kisha nyama, kisha maji, mpaka vikubaliane. Sikukueleza kwamba kama kila upande unaficha kitu, vitakubaliana vilevile, na hesabu itaonekana safi kabisa. Yangu ilikuwa safi. Dkt. Wanjugu aliisifu.

Leo nimemwandikia kwamba naacha. Kesho nitafuta kila kitu, ini, mfuko, maji, vyote. Sitaki kufungua mashine hii na kukukuta ndani umelala chali, unapumua, mzima, kama vile hakuna kilichotokea. Nimeona nikuambie kabla ya kufuta, kwa kuwa mwanzo nilichukua bila kuomba.

Siombi unisamehe. Naandika tu uwe unajua.

Mdogo wako,
Ekeno


Kakuma, 19 Januari 2025

Ekeno,

Ejok noi. Nakusalimia kwa sababu Ata amekaa hapa karibu ananitazama, na kwa sababu wewe ni mtoto wa mama yangu.

Habari za hapa. Mshono umefunga. Makuei hufungua duka akachelewa kulifunga, hataki kurudi mapema nyumbani, na nyumbani akirudi anataka kunifulia nguo. Aluong hanitazami tena tumboni asubuhi. Ananitazama machoni, na hilo nalo ni gumu. Mbwa amekuwa mkubwa. Analala chini ya cherehani, mguu wangu ukikanyaga anainua kichwa. Vidonge vyako nampa. Nilitaka kumfukuza, Ata akaniambia mbwa hana kosa, alikuja kufanya kazi akakosa wa kumfanyia.

Barua yako ya Oktoba niliikuta juu ya mashine niliporudi kutoka hospitali. Josiah alikuwa ameileta siku mbili baada ya mimi kuondoka. Hakulala kwao wiki nzima, maskini, anadhani ni yeye. Nimemwambia si yeye. Wewe nawe umwambie.

Nilikaa na barua yako ya Desemba muda mrefu. Nilikuwa na hasira nayo, hasa pale pa simu. Ekeno, ulikuwa na simu. Nimejaribu kupaelewa mahali hapo kwa njia zote na sijapaelewa. Pengine nitapaelewa nikizeeka. Leo bado.

Lakini na mimi sitaki ubebe peke yako mzigo ambao nusu yake ni wangu, utauona kama sifa. Unakumbuka nilivyojibu upesi Juni? Hukujiuliza? Nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nimeshaivunja ahadi niliyompa daktari, na nilijua nikipanda meza ile wataniuliza, na nilijua kisu na dawa ya usingizi vinaweza kumtoa mtoto. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia nisiende. Ukaniambia wewe, tena kwa hesabu. Ningekubusu. Uliponiuliza kuna kilichobadilika nikaandika hakuna, mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya tumbo, anapiga teke. Nilimwandikia mdogo wangu uongo huku mtoto ananigonga. Usiku naisikia ile kalamu.

Ukutani niligeukia kwa sababu hiyo. Ulidhani nimekukasirikia tu. Nilikuwa siwezi kukuonyesha uso.

Sasa nimekuambia, na wewe umeniambia. Tumechelewa wote wawili.

Kwamba ulisimama pale kwenye kisanduku mpaka jioni ya pili, hilo sikulijua. Nilikuwa naumwa na wazo kwamba alikuwa peke yake. Kila siku nalirudia: alikuwa peke yake, hata mtu mmoja wa kwao hakuwepo. Kumbe mjomba wake alikuwepo. Nililia siku nzima, Makuei akafunga duka. Kwa hilo nakushukuru, na hilo halihusiani na yale mengine.

Kuhusu kufuta. Hapana.

Nimesikia kwamba unaumia ukinikuta humo ndani nimelala chali, mzima. Umia. Mimi pia naumia, na cherehani nafungua. Wako wanawake wengine hapa, mmoja ni jirani yangu Nyadak, anashika ubavu hivihivi na ana mimba. Nilipomwona nilikaa chini barabarani. Nimempeleka zahanati mwenyewe, nikabishana nao mpaka wakampa barua ya kuja kwenu Lodwar kwa picha. Atakuja Jumanne na gari la Josiah. Mngojee mlangoni, ulivyoahidi kuningojea mimi. Na atakapomaliza kupigwa picha, wewe uwe na kitu cha kumwonyesha daktari, si mashine tupu.

Mwandikie huyo mwalimu wako kwamba huachi. Kisha unirudishie mtoto wangu humo. Uliniweka peke yangu, na sikuwa peke yangu. Mweke chini ya ini, upande wa kulia kidogo, alipenda hapo. Asubuhi nikianza kushona alikuwa anasukuma kwenda juu kwa kisigino, akichoka anageuka. Mpe nafasi yake, akue mpaka mwezi wa tisa, uone mfuko unasema nini, ili siku nyingine usimwambie mama wa mtu angoje.

Hana jina kwenye karatasi za hospitali, wameandika mtoto wa Awoi. Ata hakukubali hilo. Amempa jina lake mwenyewe. Anaitwa Namuria.

Ukishamweka usiniandikie. Nipigie simu. Nitaitoa kwenye kaunta, nitoke nayo nje.

Dada yako,
Awoi